Kamirithu: Ukumbi, Lugha na Umma

Katika lugha ya Wamakonde wa Newala, likumbi ni makazi ya wanajando. Kiswahili nacho kina neno kumbi, lenye maana inayokaribiana na hiyo, na ukumbi, yaani mahali pa kukusanyikia watu. Hata pasipo kudai kwamba maneno haya yana asili moja, yanadokeza jambo la msingi: kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, mahali pa kuchezea na mahali pa kufundishia havikutenganishwa. Mfano bayana wa jambo hilo ni Kamirithu, kijiji cha Limuru, Kenya.

Kamirithu kilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, Waingereza walipowahamishia watu katika vijiji vilivyolindwa. Mwaka 1976 wakazi wake, wakiwemo vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani, walianza masomo ya kusoma na kuandika katika kituo chao cha elimu na utamaduni. Kutokana na masomo hayo ulizuka mchezo wa kuigiza Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wanakijiji waliujadili mswada, wakasahihisha hata lugha ya wahusika: mzee hakupaswa kusema kama kijana. Kisha wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000.

Mchezo ulioneshwa kuanzia Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikaupiga marufuku, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, alikokaa hadi Desemba 1978. Ikumbukwe kwamba mwaka huohuo wa 1977 alikuwa amechapisha kwa Kiingereza riwaya ya Petals of Blood, inayowakosoa watawala vikali, na haikupigwa marufuku. Tofauti hiyo yaonesha kwamba kilichoogopwa hakikuwa maudhui pekee, bali maudhui yaliyomfikia mkulima kwa lugha yake na katika ukumbi wake.

Machi 1982 leseni ya kituo ilifutwa, na polisi wakalibomoa jukwaa. Baadaye mahali hapo pakawa chuo cha ufundi kwa vijana. Hivyo elimu ilirejea, lakini mchezo haukurejea nayo.

Hata hivyo, matini hayabomolewi kwa urahisi kama mbao. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilitoka mwaka 1982, na Mei 2022 mchezo ukaoneshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, Nairobi. Mwandishi wake aliishi kuyaona hayo. Alifariki Mei 2025. Historia ya Kamirithu basi inafunza kwamba uhai wa ukumbi hautokani na kuta zake, bali na lugha inayosemwa ndani yake na watu wanaoihesabu kuwa yao.