Bidhaa hazionekani: tuanzie wapi?

Vikundi kadhaa vinavyotoa mafunzo sasa vina programu yao ya simu, na baadhi huuza masomo ya ziada ndani yake ili kupata fedha za kuendesha kazi. (Michango ya hisani ina kanuni zake tofauti, hapa tunazungumzia masomo yanayouzwa.) Tatizo la kawaida ni hili: kila kitu kimetayarishwa, lakini ukurasa wa kununua unafunguka ukiwa mtupu. Hakuna bei wala kitufe. Fundi hukaa siku nyingi akichunguza msimbo. Kwa maoni yetu, msimbo uangaliwe mwisho.

Karatasi kwanza

Katika duka la Apple, programu haiwezi kupata orodha ya bidhaa mpaka mkataba wa programu za kulipia ukubaliwe, fomu za kodi zijazwe na akaunti ya benki iandikishwe. Haya yote hufanyika katika App Store Connect. Mkataba usipokamilika, simu hupokea orodha tupu tu, bila maelezo ya kumsaidia fundi.

Mtu mmoja tu anaweza kukubali mkataba huo: yule mwenye akaunti. Hapa ndipo kikundi kinaweza kukwama kabisa. Huenda akaunti ilifunguliwa na kijana aliyejitolea, kwa jina lake na barua pepe yake, naye sasa amehamia mji mwingine. Hata akipatikana, swali kubwa linabaki: fedha za masomo zitaingia benki kwa jina la nani? Ni vizuri akaunti iandikishwe kwa jina la shirika tangu mwanzo, na kamati ijue nani ana nywila.

Majina na majaribio

Kila bidhaa ina kitambulisho chake. Ukiandika somo_kuku dukani na somo.kuku ndani ya programu, hivyo ni vitu viwili. Linganisheni herufi kwa herufi. Msifute bidhaa kwa haraka ili kuanza upya, kwa sababu kitambulisho kilichofutwa hakitumiki tena.

Kwa Google Play, programu yenye sehemu ya malipo lazima iwe imepakiwa kwanza, hata kama ni kwa majaribio ya ndani tu. Bidhaa nayo lazima iwashwe. Wajaribu waandikishwe kwa barua pepe zao, kisha wakubali mwaliko kupitia kiungo walichotumiwa. Baada ya mabadiliko, subirini saa kadhaa kabla ya kubadilisha kitu kingine. Kwa Apple, bidhaa ya kwanza kabisa hupelekwa kukaguliwa pamoja na toleo jipya la programu. Ikipelekwa peke yake haitapita.

Fedha zinazorudi

Ukurasa ukishaonyesha bei, msisherehekee bado. Katika Google Play, programu inatakiwa kuthibitisha kwamba imepokea ununuzi na kumpa mteja alicholipia. Isipothibitisha ndani ya siku 3, mnunuzi hurudishiwa fedha zake na ununuzi hufutwa. Kikundi kinaweza kuona mauzo Jumatatu na kuyakosa Ijumaa bila kujua sababu. Kwa wajaribu walioandikishwa muda huo ni dakika chache tu, kwa hiyo nunueni somo moja la majaribio, ngojeni, kisha tazameni kama oda bado ipo.