Kifua Kilicholala: Mbadala wa Kisu ni Upi?

Mwanamke wa Shika Adabu, huko Likoni, Mombasa, anayetaka matiti yake yasimame kama zamani hahitaji kuvuka feri kwenda kutafuta wauzaji wa ahadi. Krimu, vidonge, sindano na vikombe vya kuvuta hewa vinamfuata hadi kwenye simu yake, na vyote vinatangazwa kwa neno moja: bila upasuaji. Neno hilo lina mvuto, kwa sababu upasuaji ni ghali, unauma na unaacha makovu. Lakini ukweli ni kwamba titi likishashuka, kinachoweza kuipandisha chuchu ni upasuaji peke yake. Mbadala wa haki hauinui titi, unalishikilia, na kazi hiyo inafanywa na sidiria inayomtosha mvaaji.

Sababu iko katika maumbile yenyewe. Ndani ya titi hamna msuli wa kulinyanyua. Mna tezi za maziwa na mafuta, vikishikwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba ambazo mpasuaji Mwingereza, Astley Cooper, alizieleza kitabuni mwaka 1840. Nyuzi hizo zikivutika hazirudi, na krimu inayopakwa juu ya ngozi haizifikii. Mafuta ya nazi anayokandwa mzazi ndani ya arubaini yanalainisha ngozi na kupunguza mwasho, nayo ni faida ya kutosha. Tusiyadai kazi isiyo yao. Mazoezi ya kusukuma ukuta au sakafu yanaukuza msuli ulio nyuma ya titi, yanaunyoosha mgongo na kumpa mtu umbo zuri zaidi, ila chuchu inabaki ilipokuwa. Sindano ndizo za kuogopwa. China iliipiga marufuku jeli ya poliakrilamidi mwaka 2006, baada ya wanawake waliodungwa kupata uvimbe, maambukizi na jeli kuhama mwilini. Marekani nayo haijaidhinisha vijazio vya sindano kwa kukuza matiti.

Wengine watasema dawa bora ni kujikinga mapema, na kinga wanayoitaja ni kutonyonyesha au kumwachisha mtoto haraka. Hofu hii inaumiza watoto, na ushahidi hauiungi mkono. Mpasuaji Brian Rinker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwachunguza wanawake waliofika kufanyiwa upasuaji wa matiti. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza kushuka. Kilichoongeza ni umri, unene, idadi ya mimba, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, na uvutaji sigara. Ni mimba inayoyajaza matiti na kuivuta ngozi, hata kama mtoto hatanyonya tone. Kwa hiyo anayemnyima mtoto maziwa ya miezi 6 ya mwanzo ili kukilinda kifua anapoteza pande zote mbili. Lililo mikononi mwake ni kuacha sigara na kuepuka kunenepa na kukonda mara kwa mara.

Turudi kwenye sidiria, maana hapa ndipo pesa kidogo inapofanya kazi kubwa. Uzito wa titi unapaswa kubebwa na mkanda unaozunguka mbavu. Kamba za mabegani zinasaidia tu. Zikichimba mabega hadi kuacha alama, mara nyingi mkanda umelegea mno. Chukua futi ya fundi cherehani, pima chini ya matiti, kisha pima pale yalipojaa. Ukiijaribu sidiria, inua mikono: mkanda usipande mgongoni, nyama isifurike juu ya kikombe, na kipande cha katikati kilale juu ya mfupa wa kifua. Kwenye mitumba ya Kongowea au Likoni, vuta mkanda kwanza uone kama mpira bado una nguvu, na chagua inayokukaa kwenye kifungo cha mwisho cha nje, ili ikilegea uwe na vifungo vya ndani vya kukaza.

Atakayejibu kwamba sidiria haiponyi kitu, kwani ikivuliwa kifua kinarudi pale pale, amesema kweli. Lakini inapunguza maumivu ya matiti mvaaji anapotembea au kukimbia, na nguo inamkaa vizuri siku nzima bila hatari yoyote. Kama hilo halimtoshi na ameamua kupasuliwa, ana haki yake, wala hapaswi kuonewa haya. Ahakikishe kwanza kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari, KMPDC, na amweleze kama bado anapanga kuzaa, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuyaharibu matokeo.

Kuna mabadiliko yasiyopaswa kupelekwa kwa muuza krimu hata siku moja: titi moja kubadilika peke yake, chuchu kuingia ndani, ngozi kuwa kama ganda la chungwa, au kivimbe kinachogusika. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake wa Kenya, na dalili hizo zinahitaji hospitali mapema. Kifua kilicholala pande zote mbili kwa umri na uzazi ni mwili wenye afya. Pesa inayomalizikia kwenye krimu ikanunue sidiria mbili nzuri, na wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wawafundishe akina mama namna ya kuzipima.