Juu ya nini maji machafu yanabadilika rangi kufuata majira?

Wengi wetu hapa Bunia tumezoea kusema: maji meupe ni mazuri, maji ya kijani ni mabaya. Lakini haiko hivyo kila mara. Ili tuelewe, tuangalie mabwawa ya kusafisha maji machafu, sawa yale ya Ruai, karibu na Nairobi, inchini Kenya.

Katika mabwawa ya namna hiyo, maji ya vyoo yanapita polepole, bwawa moja kisha lingine, kwa siku nyingi. Uchafu mzito unashuka chini. Mikrobe zinakula uchafu unaobaki. Jua linaotesha majani madogo sana: ndiyo yanayotia maji rangi ya kijani na kutoa oksijeni.

Kisha wanakuja wanyama wadogo. Kuna rotifera, ambao ni vigumu kuwaona bila mikroskopu. Kuna pia dafnia, ambao kwa Kifaransa wanaitwa viroboto vya maji: wengi wana milimita 1 mpaka 3, na wanarukaruka ndani ya maji. Wote wanakula majani yale na mikrobe. Dafnia wakiwa wengi, maji ya kijani yanaweza kuwa meupe kwa siku chache tu.

Hesabu yao inafuata majira. Mvua ikinyesha sana, maji yanapita mbio na kuwabeba mbele ya kuzaa. Rotifera wanazaa haraka, basi wanarudi upesi, dafnia wanachelewa. Wakati wa jua kali, maji yanapunguka na uchafu unakuwa mzito. Hapo amonia inaweza kuua dafnia. Bwawa likikauka, hawamaliziki: wanaacha mayai magumu ndani ya matope, yanayongoja mvua irudi.

Hiyo inatugusa sisi namna gani? Katika Bunia, mvua inapungua Desemba mpaka Februari. Mwenye kukosa bomba anaweza kuona maji yaliyotulia pembeni ya Nyamukau, meupe, akayaamini. Lakini weupe unaweza kuonyesha tu kwamba majani yameliwa. Mikrobe za kipindupindu ao tifoide zinaweza kuwa zimebaki, na macho hayazione.

Basi chemsha maji ao tia klori, hata yakiwa meupe. Tena, usimwage mafuta ya moteri wala dawa ya wadudu ndani ya kanivo: inaua hao wasafishaji wasiolipwa.