Panya Wangapi, na Nani Aliyehesabu?

Kuanzia Musinzira hapa Gitega hadi Muyinga, wapo wanaochemsha majani ya umubirizi wakipatwa na homa. Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria mwaka 2017, na katika hali hiyo habari kwamba mmea fulani umetibu panya maabarani hupokelewa kwa hamu kubwa. Mimi huuliza kwanza jaribio lilifanywaje.

Kwa kawaida panya huambukizwa Plasmodium berghei, kimelea kilichogunduliwa Katanga mwaka 1948 na Vincke na Lips ndani ya panya wa porini. Kwa siku nne kundi moja hunyweshwa maji ya majani, jingine dawa ya malaria ya klorokwini, la tatu maji matupu. Siku ya tano tone la damu ya mkiani hupakwa kwenye kioo, likatiwa rangi, na vimelea vikahesabiwa kwa hadubini.

Upendeleo huweza kuingia katika jaribio hilo bila mtu kukusudia. Mkono ukiingia kizimbani hukamata mapema panya mnyonge asiyeweza kukimbia. Wanyonge hao wakijaa katika kundi la maji matupu, dawa imeshapendelewa kabla haijanywewa. Kwa hiyo panya wagawanywe kwa kura. Anayehesabu naye asijue kioo kimetoka kundi lipi, kwa kuwa anayetamani dawa ifanye kazi huona vimelea vichache.

Ukaguzi wa makala 271 za utafiti wa wanyama kutoka Uingereza na Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta asilimia 87 hazikutaja kura, na asilimia 86 hazikutaja kumficha mpimaji kundi la mnyama. Mwaka uliofuata ukatoka mwongozo wa ARRIVE, wa namna ya kuripoti majaribio ya wanyama. Toleo lake la 2020 limetanguliza mambo kumi ya lazima, yakiwemo idadi ya wanyama na sababu yake, umri, jinsia, kipimo cha dawa na hesabu zilizotumika.

Ninalolishikilia zaidi ni sharti la kutaja wanyama walioondolewa kwenye hesabu. Tuseme panya sita walipewa maji ya majani, wawili wakafa, na jedwali likaonyesha wanne waliopona. Msomaji atasifu mmea, na mama anayempa mtoto wake kikombe hataambiwa kwamba huenda kipimo kile kina sumu. Mtafiti anadaiwa habari za wale wawili: walikufa siku gani, walinyweshwa kiasi gani, na ini na figo zao zilikutwaje walipopasuliwa.