MAJI YABOMOAYO NYUMBA POLEPOLE

Mvua ikileta maafa makubwa, habari zake hufika mbali. Wengi wanakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, matope yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za mji wa Katesh. Lakini yapo maji mengine yasiyotangazwa, ambayo kila masika hubomoa nyumba moja hapa na moja kule, na mwenyewe husema, "Ni amri ya Mungu." Mara nyingi ni amri ya fundi na ya mwenye nyumba. Nasema juu ya nyumba za matofali mabichi na za miti na udongo, ambazo ni nyingi vijijini kwetu.

Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hii. Mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la meta 8 kwa 6 likipata mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, hupokea lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Kama paa lina migongo miwili, basi mapipa 6 humwagika kila upande, katika mstari mmoja. Je, mstari huo u wapi? Ukiwa karibu na ukuta, matone huchimba shimo, na matope huruka yakalowesha tofali za chini. Tofali bichi hunywa maji likawa laini, nalo ndilo lililobeba ukuta wote na paa. Kwa hiyo ukuta huweza kuanguka hata mvua imekwisha katika.

Wazee wetu walijua jambo hili. Paa la nyasi au makuti lilikuwa na upenu mrefu, na pwani palikuwa na baraza la kukinga miguu ya nyumba. Bati lilipokuja, watu walihesabu bei yake wakakata upenu. Sisemi turudie nyasi. Bati ni zuri, ila humwaga maji yote kwa nguvu mara moja.

Tena kuna mazoea mawili. Watu huchimba udongo wa matofali ubavuni mwa nyumba, wakaacha shimo likawa ziwa dogo. Na uwanja ufagiliwao kila siku hupungua kidogo kidogo, hata msingi ukabaki wazi, nasi twausifu usafi! Wengine hupaka saruji juu ya udongo. Ikipasuka, maji huingia wala hayapati njia ya kutoka, na siku moja lipu yote hubambuka.

Mimi mwenyewe nilikata mabati yasizidi ukuta ila shibiri moja. Masika ya tatu pembe ya chumba cha akiba ilianguka usiku. Watoto walilala chumba cha pili. Gunia mbili za mahindi zililowa zikaota ukungu, nikazitupa, kwa maana mahindi ya namna hiyo huweza kuwa na sumukuvu iuayo watu. Mwimo wa mlango ulikuwa umekwisha liwa na mchwa, wapendao udongo wenye unyevu. Nilifyatua matofali na kujenga upya wakati wa palizi, na shamba likaingia majani. Mabati niliyookoa yalikuwa manne.

Ajengaye na aweke msingi wa mawe uinuke juu ya ardhi sentimeta 30 au zaidi, na upenu usipungue sentimeta 60. Mwenye nyumba iliyokwisha jengwa aweza kujaza udongo miguuni mwa ukuta, aushindilie uteremke kwenda nje, na kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Viongozi wa kijiji waonyeshe mahali pamoja pa kuchimbia udongo. Kazi hizi ni za kiangazi, kwa kuwa ukuta uliolowa haukandikiki vema. Na awezaye kufunga mchirizi wa bati ukingoni mwa paa, mapipa yale 12 atayakinga yakawa maji ya nyumbani, na wanawake watapumzika safari ya kisimani kwa siku kadhaa.