Usiilaumu Paneli

Fundi wa sola akiitwa kwenye nyumba ambayo taa zinazima kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maelezo anayopewa ni yale yale: paneli imechoka, imeingia vumbi, labda tuongeze ya pili. Anapanda juu ya bati, anapima, anashuka. "Mzee, paneli yako nzima. Betri ndiyo imekwisha." Mzee haamini haraka. Paneli inaonekana kutoka barabarani. Betri iko uvunguni mwa kitanda, haionwi na mtu.

Lakini fundi yuko sahihi, na mara nyingi huwa hivyo. Paneli ni silikoni iliyofunikwa kioo, haina kinachozunguka wala kinachosagika. Maabara ya Bell huko Marekani ilipoonyesha seli ya silikoni mwaka 1954, seli hiyo iligeuza kiasi cha asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli nzuri za leo zinapita asilimia 20, na kampuni nyingi huzidhamini kwa miaka 25. Adui zake ni wadogo. Joto ni mmoja wao: wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kiwandani kwenye nyuzi 25, wakati juu ya bati la Singida adhuhuri paneli yenyewe inaweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi hupunguza nguvu kwa kama asilimia 0.4. Kivuli kina madhara zaidi ya watu wanavyodhani. Seli zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo tawi la mwembe likifunika kona moja tu, umeme wa safu nzima unabanwa. Kata tawi, futa vumbi, basi.

Betri ni habari nyingine. Chukua nyumba ya kawaida yenye taa 4 za wati 5 zinazowaka saa 4: hizo ni wati-saa 80. Televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa 4, wati-saa 100. Redio 20, simu tatu 45. Jumla 245. Paneli ya wati 100, katika eneo linalopata sawa na saa 5 za jua kali kwa siku, ingetoa 500 kwenye karatasi. Ukiondoa vumbi na umeme unaopotea kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji) ya bei rahisi, zinazoingia betrini ni kama 300. Na betri ya N50, ya volti 12, inabeba 600. Hesabu inakubali, tena kwa nafasi.

Nafasi hiyo ni ya uongo. Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ina bamba za risasi na za oksidi ya risasi zilizozamishwa kwenye asidi ya sulfuriki. Ikitoa umeme, bamba zote mbili hugeuka taratibu kuwa sulfeti ya risasi na asidi inazidi kuwa maji. Ukiichaji, mambo yanarudi nyuma. Ila sulfeti ikiachwa pale siku kadhaa, chembe zake hukua na kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya bamba inakuwa imekufa. Ndiyo maana wataalamu wanashauri usivuke nusu ya uwezo wa betri. Zile 600 zinabaki 300. Kijana akianza kuchaji simu kumi za majirani kwa malipo, ameongeza 150 na mstari umeshavukwa. Biashara ni nzuri. Anayeilipia ni betri.

Hapa kuna jambo linaloudhi. Watu huambiwa kontrola ndiyo mlinzi wa betri, na kweli inazuia isichajiwe kupita kiasi. Lakini kontrola nyingi za bei nafuu huja zimepangwa kukata umeme karibu na volti 11. Betri ya risasi iliyotulia huwa na volti 12.7 ikiwa imejaa, na kama 12.1 ikiwa nusu. Mlinzi anasubiri nyumba iibiwe yote ndipo apige kelele. Kama kontrola yako ina vitufe, fundi anaweza kupandisha kiwango hicho kwa dakika mbili. Wengi hawaombwi, na wengi hawafanyi.

Masika humalizia kazi. Kuchaji betri ya risasi ni kama kupakia daladala: wa mwanzo wanaingia haraka, wa mwisho wanaingia mmoja mmoja kwa kusukumwa. Asilimia 80 za kwanza hazichukui muda, ila 20 za mwisho zinataka saa kadhaa za jua lisilokatika. Wiki ya mawingu ikipita, betri inaishi nusu tupu usiku na mchana, fuwele zinakua. Ikiwa imewekwa karibu na jiko au chini ya bati lisilo na dari, vibaya zaidi: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu.

Tena wengi hutumia betri ya gari, kwa sababu ipo na bei yake inafahamika. Bamba zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha zichajiwe hapo hapo. Kunyonywa saa nne kila usiku si kazi yake. Na inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, ikishafungwa, kuna atakayejaribu pasi. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka betri ya volti 12, na nusu saa ya kunyoosha sare za shule inakula wati-saa 500, mara mbili ya jioni nzima niliyoihesabu.

Mfumo wa kulipia sola kidogo kidogo, ambao kampuni ya M-KOPA iliusambaza Kenya kuanzia 2012 kwa kutegemea malipo ya simu ya M-Pesa, uliligusa tatizo hili kwa mlango wa nyuma. Usipolipa, kifaa kinajifunga kupitia laini ya simu iliyomo ndani yake. Usumbufu, ndiyo. Lakini mteja hawezi kuendelea kulipia kitu kilichokufa, kwa hiyo muuzaji naye ana sababu ya kuweka betri itakayofika mwisho wa deni. Muuzaji wa dukani anayepokea pesa zote siku moja hana sababu hiyo.

Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti, zinazoandikwa LiFePO4, zimebadilisha hesabu. Kemia yake ilielezwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyepata Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Haihitaji kobalti, madini ambayo sehemu yake kubwa duniani hutoka Kongo. Kubaki nusu tupu hakuidhuru. Unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake, kwa mizunguko elfu mbili na kuendelea, wakati ya risasi ikitumiwa hivyo inaishia mamia machache. Ya ampea-saa 100 ina kilo kama 12. Ya risasi inakaribia 30. Bei ya kununulia iko juu, na hapo ndipo familia nyingi zinakwama, ingawa kwa kila wati-saa itakayotoka mpaka ife, ya lithiamu mara nyingi ni rahisi zaidi.

Betri iliyokufa nayo inakwenda mahali. Ya risasi ina mnunuzi: wa chuma chakavu huipima kwa kilo, kisha inayeyushwa. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulikaa jirani na kiwanda cha kazi hiyo mpaka risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake alikuwa mmoja wao, aliongoza mapambano yaliyofika mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ya lithiamu yenye chuma na fosfeti haina risasi wala kobalti, na kwa sababu hiyo hiyo wa chuma chakavu haoni cha kuilipia. Nani atakuja kuichukua ikifa, bado hajapangwa.