Mficha Uchi Hazai: Tiba ya Uke Unaojikaza

Wako wake ambao fungate hupita, na miezi baada yake, pasi na ndoa kutimia. Kila wakikurubiwa na waume zao, misuli ya uke hujikaza na maumivu huwa makali. Maradhi haya huitwa vajinismasi. Si ukaidi wala si chuki kwa mume. Mwili hujikinga bila ya hiari ya mwenyewe, kama jicho lifumbavyo likielekezewa kidole.

Kwanza muone daktari wa wanawake, ahakikishe hapana uambukizo wala kidonda. Miongoni mwa tiba ni vipanuzi: vijiti laini vyenye ncha ya mviringo, vya plastiki au silikoni, vinavyouzwa kwa seti ya ukubwa unaopanda. Chagua seti inayoanzia chembamba kama kidole cha mwisho. Vya silikoni hupakwa jeli ya maji. Jeli ya silikoni huviharibu.

Ukiwa faraghani, lala chali, kunja magoti, vuta pumzi taratibu, kisha ingiza kidogo kidogo. Kiache dakika 10 hadi 15. Usipande ukubwa mpaka cha awali kisiume. Kikiuma, rudi nyuma, usilazimishe. Baadaye kioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ukikaushe.

Tiba huchukua wiki, pengine miezi. Mume na asubiri bila ya kushurutisha. Somo na wakwe nao wasimlaumu biharusi. Ndoa isivunjwe kwa maradhi yenye dawa.